Kasuku wa Koridoni na Mama Mwenye Kichanga: Nani Ahame?

SEHEMU YA 1: Msimamo wangu nauweka mezani mapema

 

Wiki iliyopita niligusia kidogo kelele kwenye nyumba za kupanga, meseji zikamiminika. Wengine muziki wa jirani, wengine jenereta la saluni. Ila kuna jambo lilijirudia hadi nikashangaa: kasuku. Kasuku wa mwenye nyumba, kasuku wa shemeji, kasuku wa mpangaji wa chumba cha mbele. Basi leo tuongee kasuku, na nitaandika kwa vipande ili msome mkiwa mnanyonyesha.

Msimamo wangu ni huu. Kwenye nyumba ya watu wengi, usingizi wa mama aliyejifungua unatangulia. Na kelele za kasuku ni kazi ya nyumba nzima, hazimalizwi na mama peke yake wala na mwenye kasuku peke yake. Anayemwambia mzazi "vumilia tu mwenzangu, ni ndege" hamsaidii. Anayesema "mtupeni huyo ndege" naye hasaidii. Nitaeleza kwa nini, na nitawapa cha kufanya.

Kilichonisukuma kuandika ni swali niliulizwa kliniki. Mama mmoja (nimebadilisha mambo kadhaa asijulikane) alikuja na mtoto wa wiki tano. Uzito wa mtoto uko sawa, kitovu kimekauka vizuri. Wakati anafunga begi lake akauliza kwa sauti ya chini: "Nesi, naweza kumpa hata tone mbili za dawa ya mafua, ile inayoleta usingizi?"

Mtoto hana mafua. Anachotafuta mama ni usingizi.

Kumbe anaishi nyumba ya vyumba sita, koridoni moja, choo na sehemu ya kupikia uwani. Tundu la kasuku linaning'inia koridoni, mlango wa pili kutoka kwake. Saa kumi na moja na nusu alfajiri ndege anaanza kupiga mbinja, anaita majina ya watu, anaiga mlio wa simu, anaiga hodi. Jioni anarudia. Mama alijifungua kwa upasuaji, mshono bado unavuta, usiku ananyonyesha kila baada ya saa mbili. Anapojaribu kuiba kausingizi ka alfajiri, kasuku naye ndo kaamka. Alipomlalamikia mwenzake wa chumba cha jirani, akajibiwa: "Wewe umehamia mwaka jana, kasuku ana miaka kumi na mbili humu ndani."

Yaani imekuwa suala la nani kafika kwanza, huku mtoto akikaribia kunyweshwa dawa ambayo haimhusu.

Kabla hatujaendelea, lishikeni hili: mtoto mchanga HAPEWI dawa ya mafua, ya mzio wala ya kikohozi ili alale. Dawa hizo zinaweza kupunguza nguvu ya kupumua. Tone mbili kwako ni ndogo, kwa mtoto wa kilo nne si ndogo. Pia msimzibe masikio kwa pamba. Pamba inaingia ndani, au inatoka na kuishia mdomoni.

SEHEMU YA 2: "Mbona watoto wa zamani walilala?"

Hili swali najua linakuja, na huwa linatoka kwa wakubwa wetu. Nalijibu kwa heshima.

Ni kweli mtoto mchanga anaweza kulala penye sauti. Sauti ya feni, mvua kwenye bati, watu wanaoongea kawaida, hizo hazimsumbui sana kwa sababu zinaenda mfululizo. Kinachomsumbua ni sauti kali ya ghafla. Nyumba imetulia, mara "KWAAA!" Mtoto anarusha mikono, anafungua vidole, analia. Kushtuka huku ni kwa kawaida kabisa, watoto huzaliwa nako na kwa wengi kunaisha kati ya miezi minne na sita.

Akina mama wengi huogopa kwamba hiyo ni degedege. Tofauti ni hii: kushtuka hutokea mara moja baada ya sauti au mguso, kisha kunakwisha. Degedege mwili au kiungo hutikisika kwa kurudiarudia, na ukikishika kiungo hakiachi. Macho yanaweza kugeuka, na mtoto hakuitikii. Ukiona hivyo, usisubiri kasuku anyamaze. Nenda hospitali.

Sasa hesabu ya usingizi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto wa chini ya miaka mitano: mtoto wa miezi 0 hadi 3 anahitaji saa 14 hadi 17 kwa siku, wa miezi 4 hadi 11 saa 12 hadi 16, wa mwaka mmoja hadi miwili saa 11 hadi 14, na wa miaka mitatu hadi minne saa 10 hadi 13. Hizo ni pamoja na za mchana.

Mtoto mchanga kasuku akimkatiza alfajiri, atalipiza saa nne asubuhi. Mama je? Saa nne asubuhi mama anafua nepi, anapika uji, ana mtoto mkubwa anayedai chai. Deni la usingizi linabaki kwake.

Na deni hilo lina gharama. Kidonda cha upasuaji kinataka mapumziko. Maziwa pia: ili yatoke vizuri, mwili wa mama unatoa homoni ya oksitosini, na mama akiwa na maumivu, hofu au hasira, homoni hiyo huchelewa kufanya kazi. Mtoto anavuta, maziwa hayashuki haraka, anakasirika, mama anaamini maziwa yameisha, anakimbilia kopo au uji kabla ya miezi sita. Maziwa hayajaisha jamani. Mama amechoka.

Kikubwa zaidi ni moyo wa mama. Kukosa usingizi mfululizo kunachochea sonona baada ya kujifungua. Ukijiona wiki mbili zinapita una huzuni, unalia bila sababu, hupati hamu ya kumshika mtoto, au unashindwa kulala hata nyumba ikiwa kimya, njoo kliniki. Na ukianza kuwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mtu wa karibu na uje siku hiyo hiyo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua.

Kwa hiyo mama akisema "kasuku ananimaliza", msimcheke. Msikilizeni.

SEHEMU YA 3: Kasuku naye anasema nini?

Nimesema upande wa mama. Sasa nisikilizeni upande wa ndege, kwa sababu bila kumwelewa hatumnyamazishi.

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, huyu tunayemwona sana kwenye matundu, kwao ni misitu ya Kongo na nchi za Afrika Magharibi na ya Kati. Kule anaishi kundini. Alfajiri kundi linaitana kabla ya kwenda kutafuta chakula, jioni linaitana tena likirudi kulala. Ndo maana kelele zake zinapanda mara mbili kwa siku. Hana jeuri. Anauliza: "Mko wapi? Mpo?"

Kwenye nyumba yenu, kundi lake ni nyie. Watu wanapotoka koridoni asubuhi kwenda kazini, kwake ni kundi limeondoka limemwacha.

La pili, kelele zinafundishwa. Kasuku akipiga ukelele, baba wa chumba cha tatu akajibu kwa ukali "Nyamaza wewe!", ndege kapata alichotaka: kajibiwa. Watoto wanakuja mbio kupiga tundu kwa fimbo, wanacheka. Kapata tena. Mtu mwingine anamtupia karanga ili anyamaze. Hapo ndo mmemlipa mshahara kabisa. Kesho atapiga zaidi, kwa akili zake zote, na akili anazo.

La tatu, na hili wengi hawalijui: kasuku wengi wa nyumbani hawalali vya kutosha. Kwao karibu na ikweta giza ni kama saa 12 kwa usiku, mwaka mzima. Kwetu koridoni taa inawaka hadi saa sita, runinga ya chumba cha mbele inapiga kelele, watu wanapita kwenda chooni. Ndege anakesha kama sisi, na ndege aliyekesha ana hasira na kelele nyingi.

Umeona? Kichanga anataka giza, utulivu na ratiba, na ajue watu wake wako karibu. Kasuku anataka hivyo hivyo. Kwa hiyo tukiipanga nyumba vizuri tunawasaidia wote wawili kwa mpigo.

SEHEMU YA 4: Ratiba ya kujaribu kwa wiki nne

Haya, kalamu na karatasi. Au piga picha ya skrini.

1. Tundu lihame. Lisikae mbele ya mlango wa mzazi, wala kwenye njia ya watu wanaopita kila dakika. Kona yenye ukuta nyuma yake ni nzuri, ndege anajisikia salama. Nyumba nyingine ina chumba cha mwenye kasuku, nyingine ina baraza la mbele lenye nyavu. Pasiwe na jua kali la mchana wala upepo wa moja kwa moja. Na pasiwe karibu na jiko, nitasema kwa nini Sehemu ya 6.

2. Saa moja jioni funika, saa moja asubuhi funua. Kila siku, hata Jumapili. Kanga moja haitoshi, mwanga unapita. Tumia kitenge kizito au shuka ya rangi ya giza. Acha upande mmoja wa chini wazi hewa ipite, hasa miji ya pwani yenye joto kama Dar au Tanga. Ndege wengi hawaanzi kuita hadi waone mwanga, kwa hiyo hapa mama anaweza kupata saa moja na nusu ya ziada ya alfajiri. Mzazi anajua thamani ya saa moja na nusu.

Angalizo: kitambaa ni cha usiku. Kumfunika ndege mchana kutwa kwa sababu anapiga kelele ni kumtesa, na akifunuliwa atapiga kelele za jana na leo.

3. Msijibu ukelele. Nyumba nzima. Akipiga kelele, hakuna anayekuja, hakuna anayefoka, hakuna karanga. Akinyamaza hata kidogo, au akipiga mbinja laini, hapo hapo mtu amjibu kwa upole na ampe kitu. Chagueni mbinja moja ya chini ya "tupo", wote muitumie mkipita. Siku za mwanzo kelele zitaongezeka, kwa sababu njia yake ya zamani imegoma na yeye anaisukuma zaidi. Msikate tamaa siku ya nne. Wengi hushindwa hapo, wakidhani haifanyi kazi.

Sasa mnaelewa kwa nini nasema hii ni kazi ya nyumba nzima? Vyumba vitano vikinyamaza na cha sita kikaendelea kufoka, ndege atakipigia kelele hicho cha sita, na nyote mtasikia.

4. Mpeni kazi. Kasuku asiye na kazi anapiga kelele. Gunzi la mahindi, kipande cha kifuu cha nazi, kijiti kisicho na rangi wala dawa, atafune siku nzima. Chakula kingine mfungieni kwenye karatasi safi akitafute mwenyewe. Matunda, mboga za majani, mahindi mabichi, hata pilipili, ndege hasikii ukali wake kama sisi. Msimpe parachichi, ni sumu kwake. Wala chokoleti, kahawa na pombe. Na karanga zenye ukungu zitupeni, zina sumukuvu, hazimfai ndege wala mtoto.

5. Muda wa jioni. Mwenye kasuku akae naye dakika 20 au 30 kabla ya kumfunika. Aongee naye, amkune kichwa. Kundi limerudi, ndege anatulia.

6. Upande wa mama. Feni ikiwepo iwashe, sauti yake ya mfululizo inapunguza ukali wa sauti za ghafla. Usimwelekezee mtoto upepo moja kwa moja. Kama unatumia sauti ya mvua kwenye simu, simu ikae mbali na mtoto na sauti iwe ya chini. Pazia zito mlangoni, na nguo iliyokunjwa chini ya mlango, zinasaidia kuliko mnavyodhani. Lakini chumba kiwe na dirisha linaloingiza hewa. Na baba, chukua zamu. Mama akishanyonyesha alfajiri, wewe mcheulishe mtoto na umbebe, mama alale. Hiyo nayo ni dawa.

SEHEMU YA 5: Kuongea bila kugombana

Hapa ndo penye kazi. Kubadilisha ndege ni rahisi kuliko kubadilisha watu.

Kwanza fahamuni huyo ndege ni nani kwa mwenye nyumba au mpangaji mwenzenu. Yule kasuku niliyesimulia ni wa bibi mmoja mjane. Ndege bado anaita jina lake kwa sauti ya marehemu mumewe, anaagiza chai kama alivyokuwa akiagiza mzee. Ukimwambia bibi huyu "toa ndege wako, anatukera", umemwambia nini? Kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 40 na zaidi. Huyu ni mwanafamilia, upende usipende.

Lakini na bibi naye ajue: mwanafamilia akikesha anapiga kelele, familia humtafutia utaratibu. Mapenzi kwa ndege hayampi mtu ruhusa ya kuwakesha wenzake.

Nilimshauri yule mama hivi. Usiende na hasira ya saa kumi na moja alfajiri. Nenda jioni, mtoto ameshiba. Beba mtoto. Mamkie kwanza, kaa chini, uliza hali, msifie hata ndege kama unaweza. Kisha sema la kwako bila kuzunguka sana:

"Shikamoo bibi. Nimekuja na ombi. Tangu nijifungue sipati usingizi wa alfajiri, na mshono bado unaniuma. Nesi amenieleza kwamba kasuku naye anahitaji giza la saa kumi na mbili ndo atulie. Naomba tusaidiane, nina kitenge kizito nimekuletea cha kumfunikia."

Angalieni maneno hayo. Hakuna "ndege wako anakera". Kuna shida, kuna ombi, kuna msaada mkononi. Mtu mzima akiombwa kwa heshima mara nyingi anajibu kwa heshima.

Bibi yule alichukua kitenge. Alisema hakuwa amejua mama anaumwa mshono, maana "vijana wa siku hizi hamsemi". Tundu likahamishwa kwenda upande wa dirisha la bibi mwenyewe. Na bibi akaja na lake, ambalo mimi nalipenda: awe anambeba mtoto saa mbili asubuhi hadi saa tatu na nusu mama alale. Sijasema kasuku sasa ni bubu. Bado anapiga mbinja saa moja na robo akishafunuliwa. Ila saa moja na robo si saa kumi na moja na nusu.

Sasa wewe ambaye siyo mzazi wala siyo mwenye kasuku, upo tu chumba cha nne. Usikae pembeni ukisema "hayanihusu, wamalizane". Wewe ndo unayewasha taa ya koridoni usiku wa manane, na watoto wako ndo wanaopiga tundu. Unahusika. Na maneno kama "mbona wenzako walijifungua hapa hawakusema" yaacheni. Huenda walikuwa wanalia ndani.

Mama wakwe na mawifi, na nyinyi mnisikie. Kama kasuku ni wa kwenu na mkamwana ndo kaletwa na kichanga, yeye ni mgumu zaidi kusema. Ataonekana kaja kuwafukuzia ndege wenu. Mume asimwache aseme peke yake. Baba wa mtoto, hii ni nyumba ya mama yako, maneno haya yanakaa vizuri mdomoni mwako kuliko kwa mkeo.

SEHEMU YA 6: Usafi, homa na moshi

Siwezi kuwa nesi nikaongelea ndege bila kuligusa hili.

Kuna ugonjwa unaitwa homa ya kasuku, unasababishwa na bakteria wa ndege. Si wa kawaida sana, lakini upo. Mtu huupata akivuta vumbi la kinyesi kilichokauka au la manyoya. Kwa kawaida kati ya siku 5 na 14 baadaye anapata homa, kichwa kuuma, misuli kuuma, kikohozi kikavu. Si kila homa ni malaria. Pima malaria, ndiyo, lakini mwambie mhudumu kwamba nyumbani kuna ndege. Una dawa, na unatibika vizuri ukijulikana mapema. Kwa mjamzito unaweza kuwa mkali, kwa hiyo mjamzito asisafishe tundu kabisa.

Namna ya kusafisha: lowesha kwanza karatasi na kinyesi kwa maji, ndipo utoe. Usifagie kikavu, vumbi litaruka. Ziba pua na mdomo kwa barakoa au kitambaa. Vyombo vya ndege visioshwe kwenye beseni la vyombo vya mtoto. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto, maana kinyesi cha ndege kinaweza pia kubeba vimelea vya kuharisha. Na tundu lisining'inie juu ya mahali mtoto anapolala au anapotambaa.

Sasa jiko. Ndege hupumua kwa namna ambayo sumu ya hewani humpata haraka kuliko sisi. Wachimba makaa ya mawe Uingereza walishuka migodini na ndege wadogo kwa sababu hiyo hadi mwaka 1986: ndege akilegea, watu wanakimbia. Kikaango kisichogandisha kikiungua bila kitu ndani, mvuke wake unaweza kumuua kasuku. Dawa ya mbu ya kupuliza na moshi wa udi mwingi navyo si vizuri kwake.

Na mkaa! Mvua ikinyesha wengi tunaingiza jiko la mkaa koridoni au chumbani. Hewa ya sumu inayotoka haina harufu wala rangi. Mkimwona kasuku ameyumba au ameanguka karibu na jiko la mkaa, msianze kumhurumia ndege kwanza. Mtoeni mtoto nje, watokeni wote, fungueni milango. Halafu hilo jiko lisirudi ndani tena.

SEHEMU YA 7: Tumefanya yote, imeshindikana

Inatokea. Nyumba nyingine ni ndogo mno, ndege mwingine amezoea vibaya kwa miaka. Kama wiki nne zimepita, wote mmefuata kwa uaminifu, na mama bado halali, basi ndege ahame kwa muda. Narudia, ndege. Aende kwa ndugu, kwa mtoto wa bibi, kwa mtu anayemfahamu na atakayemtunza, angalau miezi mitatu au minne hadi kichanga akomae kidogo. Ndege anaweza kulala kwa shangazi. Mama mwenye mshono hawezi kuhama na ndoo na chandarua kutafuta usingizi mtaani.

Msifungue tundu eti "tumempa uhuru wake". Dar es Salaam si msitu wa Kongo. Ndege wa tunduni hajui kujitafutia, atakufa kwa njaa, kwa kunguru au kwa paka. Msimpe pombe wala vidonge vya usingizi, nimesikia hayo. Msimwagie maji ya ghafla wala kulitikisa tundu. Mnamtisha, na ndege mwenye hofu hupiga kelele zaidi au hujinyonyoa manyoya.

Na wewe unayesoma huku ukiwa na mimba ya miezi saba na mume kasema "tununue kasuku, mtoto atafurahi", subiri kwanza. Mwaka 2016, nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikutana Johannesburg na kumweka kasuku wa kijivu kwenye orodha yenye ulinzi mkali zaidi, na biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini ikapigwa marufuku, kwa sababu wanamalizwa misituni. Kufuga ndege wa porini ni jambo la kibali, ukiwa Tanzania uliza TAWA, ukiwa Kenya uliza KWS. Anayekuuzia gizani kwenye boksi la viatu hana kibali hicho. Mbali na sheria, unanunua miaka 40 ya mtoto asiyekua. Huyo wa tumboni anatosha kwa sasa.

Mwisho, neno kwa mama ambaye amesoma hadi hapa kasuku akiwa anapiga kelele nyuma yake. Kuchoka kwako ni kwa kweli. Si deko, na wala hujawa mkorofi. "Mvumilivu hula mbivu" ni methali nzuri, lakini haikutungwa kwa ajili ya mtu mwenye kidonda tumboni na mtoto wa wiki tano. Tafuta kitenge kizito, mbebe mtoto, nenda kabishe hodi jioni ya leo.

Na ambaye kwenu kasuku amepatana na kichanga, andika hapo chini mlifanyaje. Taja saa mnayomfunika na tundu limekaa wapi. Kuna mama yuko macho saa kumi na moja alfajiri atasoma, na itamfaa.